Taarifa kwa wanakikundi kuhusu nyumba zilizoezuliwa na upepo

Ndugu wanakikundi,

Kufuatia mvua ya radi na upepo mkali wa juzi jioni hapa Urambo, naomba kila aliyeezuliwa paa au kubomokewa bani (banda la kukaushia) la tumbaku ajiandikishe kwa mtendaji wa kijiji kabla hajaanza kusafisha, akiwa na picha alizopiga kwa simu, kwa sababu bati zikishaondolewa tathmini inakuwa ya kubahatisha.

Wengi mmeuliza kama ile ilikuwa chamchela. Nilipozunguka mashambani jana, miembe na mahindi vilikuwa vimelala vyote upande mmoja, kuelekea magharibi. Chamchela huangusha vitu huku na huko kwa kuzunguka, ilhali upepo unaoporomoka kutoka wingu la radi hufika ardhini na kusambaa, ukilaza kila kitu kuelekea unakokwenda. Kwa aliyelala nje, najua, tofauti hiyo haimsaidii.

Kilichonisikitisha zaidi ni mapaa: kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) ziling'oka zikiwa nzima, papi (mbao za kupigilia bati) na bati zikiwa bado zimegongomewa, kwa maana zilikuwa zimekalishwa tu juu ya ukuta bila kufungwa. Tutakapoezeka upya, kila kenchi ifungwe kwa waya uliojengewa kozi (mistari ya matofali) kadhaa chini ndani ya ukuta, kwani upepo ukiingia chini ya upenu hulisukuma paa juu.

Nyaya za umeme zilizoanguka njiani zisiguswe hata kama zinaonekana hazina moto, na watoto wazuiwe kuzisogelea. Misumari na maturubai ya kuwachangia wenzetu yanapokelewa kwa mhazini hadi Jumamosi.