Kabla hujatoa hela za ng'ombe

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie popote ulipo. Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Shangazi anakusalimu sana, na anasema ile ahadi yako ya kuja kumtembelea imeshaota ndevu. Unisamehe kwa kimya cha siku sita. Nilipanga kukuandikia usiku wa kwanza, lakini hapa mtu akishakula na kunawa, kinachobaki ni kulala.

Najua unasubiri jibu. Uliniagiza nikuangalizie, huku bandani kwa Shangazi, kama ng'ombe wa maziwa watakufaa, maana akiba iko tayari na unataka kununua wawili kabla mwezi haujaisha. Nakuomba, shoga yangu, usimlipe mtu chochote mpaka umalize kusoma barua hii.

Hapa tunaamka kabla ya saa kumi alfajiri. Saa kumi kamili ng'ombe wa kwanza anakamuliwa, na saa kumi jioni tunarudia. Asubuhi ya kwanza niliingia bandani nikiongea kwa sauti, Shangazi akaniwekea kidole mdomoni. Ng'ombe akishtuka au akiogopa, maziwa anayazuia hukohuko kiwelani, na uvute utakavyovuta, hashushi. Basi watu wote bandani wananong'ona. Kiwele kinaoshwa kwa maji ya vuguvugu na kukaushwa, kila ng'ombe na kitambaa chake, na mguso huo ndio unaomwambia ashushe. Baada ya hapo una dakika chache tu. Huwezi kumwacha katikati ukapokee simu.

Nilijifunza kwa ng'ombe aitwaye Maua, mpole kuliko wote. Huvuti chuchu, unabana juu kwa kidole gumba na cha shahada, kisha unafunga vidole vingine kimoja kimoja kuelekea chini. Viganja vinaniuma hata sasa ninapoandika.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu ni ng'ombe mwingine, Subira. Siku ya tatu, kabla ya kumkamua, Shangazi alitoa michirizi ya kwanza kwenye kikombe cheusi, kama anavyofanya kwa kila ng'ombe. Mimi nilidhani ni mazoea tu. Akanyamaza, akaniita nitazame. Ndani ya maziwa mlikuwa na vibonge vidogo kama mtindi. Nikagusa kiwele, upande mmoja ulikuwa wa moto na mgumu. Ugonjwa wa kiwele, akasema. Subira akahamishwa foleni, akawa wa kukamuliwa mwisho ili mikono yetu isiwapelekee wenzake ugonjwa. Jioni daktari wa mifugo akaja, akatia dawa kwenye ile chuchu.

Kesho yake Shangazi akamkamua vizuri, ndoo ikajaa, akaibeba mpaka nyuma ya banda akaimwaga yote kwenye shimo.

Nilishindwa kujizuia. Nilimuuliza kwa nini asimwage ya chuchu ile moja tu, hizo tatu zilikuwa nzuri, nyeupe, hazina kasoro. Akaniambia dawa huingia kwenye damu ikatoka hata kwenye chuchu zisizougua. Anayedhurika na dawa ile anaweza kuumia kwa kikombe kimoja, na wadudu wa magonjwa wanaokutana na dawa kidogo kidogo huizoea mpaka isiwatishe tena. Hata kugandisha mtindi usingeweza, kwa sababu dawa inaua vimelea vinavyogandisha. Ndoo moja ya Subira ikimiminwa kwenye tangi, tangi zima limeharibika. Kwa hiyo unamwaga siku zote zilizoandikwa kwenye boksi la dawa, ukihesabu tangu dozi ya mwisho, na chakula unaendelea kumpa kama kawaida. Analala njaa kwa kosa gani?

Na kula wanakula! Majani yanakatwa, yanachanganywa na pumba na mashudu, jiwe la chumvi halitoki horini. Maji ndiyo usiyatanie. Ng'ombe anayetoa maziwa mengi, siku ya joto, anaweza kumaliza hata lita mia. Yakipungua leo, maziwa yanapungua leo. Halafu samadi, ambayo huwezi kuiahirisha, maana ng'ombe akilala kwenye uchafu kiwele kinarudi kuugua. Yaani kila kazi hapa inakurudisha palepale kwenye kiwele.

Kuna mtamba, ng'ombe ambaye hajawahi kuzaa, anakaribia kuzaa na nyumba nzima inamsubiri. Ndama lazima apate dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama, saa chache za mwanzo, kwani baada ya siku moja hivi utumbo wake haupokei tena kinga ya mama. Shangazi analala na viatu vya bandani mlangoni. Ningependa sana niwepo.

Jana asubuhi maziwa ya Subira yalikuwa safi kwenye kikombe, bila hata kibonge kimoja. Nikafurahi, nikageuka kuelekea tangini na ndoo. Shangazi akatikisa kichwa: siku bado. Safari hii nilikwenda kumwaga mimi mwenyewe. Dada, ile sauti ya maziwa yakiingia shimoni! Hakuna mtu aliyekuwa anatuona. Na nikakuwaza wewe, na ng'ombe wako wawili, mmoja akiugua nusu ya mapato imekwenda shimoni, na wateja wamesimama mlangoni na chupa zao.

Sikukatazi. Nimewapenda ng'ombe hawa kuliko nilivyotegemea, ule mlio wa kucheua usiku unatuliza kuliko mvua. Ila niambie kweli: ukiwa safarini nani atakamua? Ukiugua wewe? Maji yako ya bomba yanatoka kila siku au bado ni yale ya kubahatisha? Majani utakata wapi kiangazi? Daktari wa mifugo unaye, ukimpigia usiku anakuja? Umewauliza watu wako wa nyumbani, au wao watashtukia wanyama uani? Na siku ya kumwaga, utamwaga?

Shangazi anasema uje ukae wiki moja kabla ya kununua, kitanda kipo. Nijibu upesi, nitakuwa hapa mpaka mtamba azae.

Naishia hapa, saa kumi inakaribia na ndoo zimeshaanza kugongana huko nje. Subira ni wa mwisho, na siku hizi namkamua mimi.

Ni mimi rafikiyo wa siku zote.