Karama ya Don Bosco haikai kwenye sanamu

Ndugu Mhariri,

Mimi ni msomaji wenu wa miaka mingi na sijawahi kuwaandikia, lakini ile taarifa yenu kuhusu urithi wa Don Bosco, padri Mwitalia aliyeanzisha shirika la Wasalesiani la kulea vijana, katika shule zetu imenikera. Mwandishi wenu ametaja sanamu mpya getini, tisheti zenye picha ya mwasisi, wimbo wa shule na maandamano ya sikukuu yake tarehe 31 Januari, kisha akahitimisha kwamba karama ya Wasalesiani, yaani ile roho ya malezi aliyowaachia, iko salama mikononi mwa walei, waumini wasio watawa wala mapadri. Hakuuliza ratiba ya siku ikoje. Hakuuliza mwalimu mpya anasaini nini anapoajiriwa, wala nani yuko uwanjani kengele ya mapumziko ikilia. Majibu yote yalikuwa huko.

Don Bosco alikuwa mtu wa vitendo na wa maandishi mafupi. Mwaka 1852, alipompeleka kijana mmoja wa nyumba yake ya Valdocco, mjini Torino, akajifunze useremala, alimsainisha fundi mkataba kwenye karatasi yenye stempu ya serikali: amrekebishe kijana kwa maneno tu, asimfanyishe kazi siku za sikukuu, ampe likizo kila mwaka. Mwaka 1877 akaandika kurasa chache juu ya mfumo wake wa kuzuia, yaani kumwepusha kijana na kosa kabla hajalitenda badala ya kungoja kumwadhibu, uliojengwa juu ya akili, dini na upendo, na humo akasema wazi kwamba kumpiga mtoto, kumpigisha magoti kwa mateso au kumvuta masikio ni mambo ya kuepukwa kabisa, kwa kuwa yanamjaza kijana hasira na kumshusha hadhi mlezi. Tarehe 10 Mei 1884 akawaandikia watu wa Valdocco kutoka Roma, akiwa na uchungu. Walezi walikuwa wameanza kuwaacha vijana peke yao saa za mchezo, na imani kati yao ikapoa. Akawaambia kwamba mwalimu anayeonekana mezani tu ni mwalimu basi, lakini akitoka kucheza na vijana anakuwa ndugu yao. Angalia tarehe hiyo, Mhariri. Mwasisi alikuwa bado hai, karama ikaanza kufifia ndani ya nyumba yake mwenyewe. Sisi tunadhani sanamu itaizuia isififie kwetu?

Mwezi Februari nilimpelekea mjukuu wangu dawa katika shule moja inayojinasibu na karama hiyo, jina nalihifadhi. Ilikuwa saa nne na nusu, watoto wanakunywa uji. Uwanja mzima haukuwa na mwalimu hata mmoja. Aliyekuwepo ni kiranja wa kidato cha tano, ameshika kipande cha bomba la maji la plastiki, anachapa miguu ya wadogo waliotoka kwenye mstari. Walimu walikuwa ofisini wanasahihisha majaribio, na siwalaumu wao kwanza. Mwalimu aliyepewa vipindi thelathini kwa wiki, halafu akaahidiwa pesa kwa kila A ya somo lake kwenye mtihani wa taifa, atatoka uwanjani saa ngapi? Kila dakika anayokaa na mtoto wa Divisheni Sifuri inamtoa kwenye pesa yake. Na watawa wachache waliobaki wako wapi? Mmoja ni mkuu wa shule, mwingine anashika uhasibu, mwingine anasimamia ujenzi wa bweni. Yaani wale waliolelewa miaka na miaka katika roho ya mwasisi wamefungiwa kwenye risiti na saruji, na malezi ya watoto ameachiwa mwalimu kijana aliyeajiriwa juzi, ambaye alichopewa kuhusu Don Bosco ni semina ya asubuhi moja yenye soda na biskuti. Kapitulo Kuu ya 24, yaani mkutano mkuu wa shirika la Wasalesiani, mwaka 1996, ilikaa kuzungumzia jambo hili hili la watawa kushirikiana na walei katika roho na kazi moja. Maandiko yapo. Kinachokosekana ni muda na bajeti ya kuyafundisha.

Wapo watakaosema viboko vinaruhusiwa na sheria. Kanuni za Tanzania zinaruhusu visivyozidi vinne, kwa mkono wa mkuu wa shule au wa mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi. Kiranja hayumo. Na kwa kuwa ruhusa inatoka kwa mkuu, mkuu anayemheshimu Don Bosco hahitaji kungoja Bunge: asiandike hiyo barua ya idhini kwa mtu yeyote, na yeye mwenyewe asichape. Kenya walipiga marufuku viboko shuleni tangu 2001, na shule za Wasalesiani huko zinaendelea kufundisha.

Halafu kuna neno la usiku mwema, ambalo nalo limeharibiwa. Utaratibu wake ni rahisi: baada ya sala ya usiku, kabla ya kulala, mkuu au anayemwakilisha anasema jambo moja jema lililotokea siku hiyo, au ushauri mmoja. Mwasisi aliandika lisizidi dakika mbili au tatu, ili mtoto alale na wazo moja tu kichwani. Siku hizi linageuzwa kuwa tangazo la robo saa: nani hakudeki, nani katoroka, na kibaya kuliko vyote, orodha ya wasiomaliza ada. Mtoto wa miaka kumi na minne anatajwa mbele ya bweni zima kwamba baba yake anadaiwa, kisha anaambiwa alale salama! Deni ni la mzazi. Apigiwe simu mzazi. Na wakati tuko kwenye pesa, hizo tisheti zenye picha ya mtakatifu zimewekwa kwenye fomu ya kujiunga kuwa ni lazima, na zinauzwa shuleni tu, pamoja na rimu za karatasi na mafagio ambayo sijui yanakwenda wapi kila muhula.

Ninachopendekeza kinaweza kuanza Januari ijayo. Mkataba wa kila mwalimu uongezwe vipengele vitatu: kurekebisha kwa maneno, kuwa uwanjani mapumziko yote ya siku yake ya zamu, na kuhudhuria siku tano za malezi ya Kisalesiani kabla shule haijafunguliwa, siku hizo zilipwe kama siku za kazi. Mwalimu apunguziwe vipindi viwili ili zamu hiyo iwezekane, na ile pesa ya A ikusanywe kugharamia malezi hayo. Uhasibu apewe mhasibu aliyesomea, na mtawa aliyekuwa akiushika arudi uwanjani saa nne na nusu na saa kumi jioni, na mpira mkononi. Wasimamizi wa shule wakija kukagua, waanzie kwenye foleni ya uji, na mwandishi wenu aje nao.

Mwalimu mstaafu,
Iringa