Kichina hakina upungufu wa vitenzi

Mhariri,

Makala yenu ya ukurasa wa lugha yalidai kwamba Wachina wanataabika na kitenzi cha Kiingereza "play" kwa kuwa lugha yao haina neno la maana hiyo. Mimi nawafundisha Kiingereza Wachina watu wazima kwa njia ya mtandao, na dai hilo siwezi kuliacha lipite. Maneno wanayo, tena tele. Kiingereza ndicho kilichoyarundika yote ndani ya kitenzi kimoja.

Mchina huangalia mwili unafanya nini. Kwa piano na gitaa husema "tan", kudonoa kwa vidole. Kwa fidla, na kwa erhu, zeze lao la nyuzi mbili, husema "la", kuvuta, maana upinde huvutwa. Filimbi ni "chui", kupuliza. Mpira wa miguu ni "ti", teke hilo. Wa kikapu ni "da", kupiga. Sataranji ni "xia", kuweka chini, kwa sababu kete huwekwa ubaoni. Mtu aliyezoea hayo ukimwambia kote ni "play", shida yake si kukosa neno. Haamini kwamba moja linatosha!

Na hiyo "da" Mswahili angeielewa kabla ya Mwingereza. Kwa kitenzi hicho hicho Wachina hupiga simu, hupiga ngoma, hupiga miayo, hupiga chafya, na wakiugua hupigwa sindano.

Kosa ninalokutana nalo kila mara makala hayakuligusa. Wanafunzi wengi hukariri "play" ni "wan", basi. Kweli "wan" ni kucheza, lakini pia ni kutembeleana, kubarizi, kujistarehesha. Mzee humwalika mzee mwenzake aje nyumbani "wan", na hakuna wa kucheka. Mwanafunzi wangu mmoja, mhasibu, aliniandikia kwa Kiingereza kwamba Jumamosi alikwenda "play" na meneja wake. Walikuwa wamekula na kutembea kando ya mto! Mwingereza akisoma hivyo atawaona wawili hao kwenye bembea, kwa sababu "play" isiyotajiwa mchezo wala ala mara nyingi ni ya watoto. Mtu mzima anatakiwa aseme alifanya nini hasa.

Kijineno "the", kinachotangulia ala za muziki na kuikwepa michezo ya mpira, nakiacha. Kichina hakina kitu cha namna hiyo, na kinataka barua yake.

Ombi langu: mfululizo ukiendelea, kila kitenzi kichapisheni pamoja na nomino zake, si peke yake. Na mkifika kwenye "open", ikumbukeni "kai". Kwa hiyo moja Mchina hufungua mlango, huwasha taa na huendesha gari, ndiyo maana wanafunzi wangu huniambia kwa Kiingereza kwamba wamefungua taa. Hapo maneno mengi yako upande wa Mwingereza.

Mwalimu wa Kiingereza