Sina kiboko kichwani, Mhariri

Ndugu Mhariri,

Nalisoma gazeti lako mwaka wa kumi na mbili sasa. Zamani nilikuwa naletewa na wasafiri, limefungiwa halua. Siku hizi nalisoma kwenye simu. Sijapata kukuandikia hata mara moja. Hata siku mlipotoa picha ya bandari ya Mkoani, Pemba, mkaandika ni Mafia nilinyamaza, nikasema hao nao ni binadamu. Lakini ile habari ya madereva wa teksi wa London, mliyoitoa ukurasa wa afya mwezi uliopita, imenikaa kooni kama mwiba wa changu.

Unaikumbuka, najua. Mliandika kwamba wataalamu wa Uingereza wamegundua kuwa madereva wa teksi wa London huzaliwa na ubongo mkubwa kuliko watu wengine, na kwamba sehemu yenyewe inaitwa kiboko. Basi, habari ikaishia hapo, chini yake picha ya basi jekundu. Mimi niliendesha teksi nyeusi London tangu 1999, beji ya kijani kifuani, hadi macho yaliponistaafisha. Kwa hiyo mlikuwa mnazungumzia kichwa changu, na nina haki ya kujibu.

Nianze na hicho kiboko. Sehemu hiyo ya ubongo, inayotusaidia kukumbuka na kujua njia, inaitwa hipokampasi. Aliyeipa jina aliiona inafanana na farasi wa baharini, yule kiumbe mdogo mwenye mkia uliojikunja, na jina likatoka kwenye Kigiriki cha farasi. Mwandishi wenu kaona herufi za mwanzo zinafanana na za mnyama mwingine, yule Waingereza wanayemwita hippopotamus, kamuingiza kiboko mzima kwenye fuvu la mtu. Shuleni kwetu kiboko tulikijua sana, lakini kilikuwa hakiingilii kichwani.

Na hao “wataalamu wa Uingereza” ni nani? Aliyeongoza kazi ile alikuwa mwanamke, jina lake Eleanor Maguire, mzaliwa wa Dublin, 1970. Si Mwingereza. Mwite mtu wa Ireland Mwingereza ndani ya teksi yangu, atashuka kabla ya taa za kwanza na nauli hulipwi. Alifanya kazi UCL, yaani University College London, pale Queen Square, na alifariki Januari 2025 akiwa na miaka 54. Mtu kafa hata miaka miwili mitatu haijapita, mnaichukua kazi ya maisha yake, mnamfuta jina, mnaiita ya “wataalamu”. Angekuwa mchezaji mpira mngeandika hadi namba ya kiatu chake.

Sasa sikiliza alichokifanya. Mwaka 2000 yeye na wenzake walichapisha picha za ubongo, zilizopigwa kwa mashine ya MRI, za madereva 16 wa teksi, wakazilinganisha na za wanaume 50 wasioendesha teksi. Ubongo wa dereva kwa ujumla haukuwa mkubwa kuliko wa mtu mwingine. Kilichokuwa kikubwa ni sehemu ya nyuma ya hipokampasi, tena sehemu ya mbele ilikuwa ndogo kuliko ya wenzetu. Hilo la mbele hamkuliandika hata kwa nukta. Na miaka ya kazi ilihesabika humo humo: mwenye uzoefu mdogo alikuwa na mwaka mmoja na nusu barabarani, mkongwe wao miaka 42, na kadiri mtu alivyoendesha muda mrefu ndivyo tofauti ilivyozidi. Mimi nilizisikia habari hizi mwaka ule ule, kwenye kile kibanda cha kijani cha madereva pale Russell Square, hatua chache tu kutoka ofisini kwake. Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Mwaka 2003 wakapewa tuzo ya Ig Nobel, ambayo hutolewa kwa utafiti unaomchekesha mtu kwanza, halafu unamfikirisha. Ninyi mmeishia kwenye kucheka.

Lakini kilichonifanya nikae nishike kalamu ni hilo neno “huzaliwa”. Huzaliwa! Mhariri, unaujua mtihani wa Knowledge, ule unaompa dereva beji ya kijani? Maana yake maarifa tu, lakini hayo maarifa ni barabara kama 25,000, zote zilizomo ndani ya maili sita kutoka Charing Cross, na njia 320 za kukariri kwa kichwa. Ya kwanza kabisa ilikuwa Manor House hadi Gibson Square. Ukiniamsha leo saa tisa za usiku nitakutajia: toka kwa Green Lanes, kulia Highbury New Park, na kuendelea. Nilikuwa juu ya vespa kuukuu, ubao wa ramani umefungwa kwenye usukani na kufunikwa nailoni, mvua inaingia shingoni na kutokea miguuni, Jumapili hadi Jumapili. Kisha unavaa suti na tai, unakaa mbele ya mtahini anayekuita “bwana” kwa adabu kubwa, anakutajia sehemu mbili, nawe unamsomea kila barabara, kila kona, kila kipilefti, bila karatasi. Ukikosea anakuambia rudi baada ya siku 56. Nilirudi mara nyingi kuliko ninavyopenda kumwambia mke wangu. Nilianza na kijana mmoja wa Mombasa, chumba kimoja, sufuria moja, ramani moja ukutani. Alikuwa na akili kunipita, wallahi, hesabu za nauli alizifanya kabla sijafungua mdomo. Ila alikuwa akifanya kazi usiku kwenye kiwanda cha mikate kwa sababu ana wadogo zake wa kusomesha, na mwaka wa tatu akakunja ramani yake akaacha. Sasa ninyi mnataka kuniambia mimi nilizaliwa na kiboko na yeye hakuzaliwa nacho?

Swali hilo hilo la kuzaliwa au kutozaliwa Maguire aliulizwa, naye hakulikimbia. Mwaka 2006 aliwalinganisha madereva wa teksi na madereva wa mabasi wa London, watu wa jiji lile lile, foleni zile zile, matusi yale yale, tofauti ni kwamba basi hufuata njia yake moja. Madereva wa basi hawakuwa na mabadiliko yale. Nanyi mkaweka picha ya basi! Kisha yeye na mtafiti mwenzake, Katherine Woollett, wakawachukua watu 79 wanaoanza kusomea Knowledge na 31 wasiosomea, wakawapiga picha mwanzoni: wote sawa, hakuna aliyezaliwa na chochote. Miaka mitatu minne baadaye wakawarudia. Waliofaulu, 39, sehemu ya nyuma ya hipokampasi ilikuwa imeongezeka. Waliosoma wakashindwa walikuwa kama walivyoanza. Na waliofaulu ndio waliokuwa wakisoma kwa saa kama maradufu kila wiki. Hii ilitoka 2011. Nilipoisoma nilimkumbuka yule wa Mombasa na mikate yake. Hayo ndiyo yaliyompa mama yule jina duniani: alionyesha kwamba ubongo wa mtu mzima, mwenye mvi na madeni, hubadilika kwa kusoma. Mngewaandikia hivyo wasomaji wenu waliorudi darasani na miaka 45, mngewafaa. Mmewaambia wamechelewa tangu tumboni mwa mama zao.

Nikupe na aibu niliyoipata kwa ajili yenu. Habari ilitoka wiki ya harusi ya binti wa dadangu, nami nilikuwa nyumbani Unguja. Siku ya walima nikapewa gari nipeleke masufuria mawili ya biriani kutoka Michenzani hadi Fuoni. Mpwa wangu akataka kuniwashia ramani ya simu, nikamwambia weka mfukoni, mimi Fuoni naijua kabla hujazaliwa. Nami kweli naijua, ila ninayoijua ni ya minazi na mihogo. Nilitafuta mwembe wa kukatia kushoto. Mwembe hakuna, pana duka la vigae. Nilitafuta kisima, msikiti. Wageni walitakiwa kula saa saba, biriani ikaingia saa nane na ushei, imepoa. Na mpwa wangu, mbele ya mashemeji, katoa simu, kasoma habari yenu kwa sauti, kisha: “Mjomba, mbona kiboko kapotea njia?” Wamenicheka mpaka wapishi. Hata leo kwenye kundi letu la familia jina langu ni Mjomba Kiboko.

Mngekuwa mmeisoma kazi yenyewe mngeniokoa. Maana Maguire na Woollett walilipima na hilo, 2010. Ukimpa dereva wa teksi mji mgeni kabisa, anajifunza vizuri. Lakini wakichomeka mtaa mpya ndani ya London anayoijua, anahangaika kuliko mtu wa kawaida. Ramani ya zamani imejaa, haitaki mgeni. Fuoni ilinifanya hivyo hivyo, nadhani. Na katika utafiti wao mwingine zilionekana dalili kwamba kwa madereva waliostaafu sehemu ile huanza kurudi ilivyokuwa. Mimi nimestaafu. Hayo ningeyasoma kwenye gazeti lako ningeyapokea, japo yanauma.

Na hizo simu, madhali nimezitaja. London siku hizi dereva wa gari la kuitwa kwa simu hatakiwi kufaulu Knowledge. Anafuata sauti ya mwanamke asiyemwona, akiambiwa ageuke ndani ya mto atageuka. Vijana wa kwetu nao wameiga: bodaboda aliyezaliwa Kwahani anakuuliza Kwahani iko wapi, umtumie alama. Kinachonikera zaidi ni kwamba mmoja wa wanafunzi wa Maguire alikuwa Demis Hassabis. Wawili hao na wenzao walionyesha mwaka 2007 kwamba watu walioharibikiwa hipokampasi hupoteza kumbukumbu, na juu ya hayo hushindwa hata kujichorea kichwani jambo ambalo halijatokea, mathalani kulala ufukweni. Kukumbuka ya jana na kuwaza ya kesho, kumbe chungu ni kimoja. Kijana yule baadaye, pamoja na wenzake, akaanzisha DeepMind, kampuni ya akili za mashine, na 2024 akapata Nobel ya Kemia. Kwa hiyo mwalimu alitumia maisha yake kuonyesha thamani ya kichwa cha dereva, na mwanafunzi ni mmoja wa wakubwa wa hizo akili za mashine zitakazotuondoa barabarani. Simlaumu. Lakini hiyo ndiyo habari, Mhariri, na ilikuwa mikononi mwenu!

Na mwenyewe Maguire, kwa taarifa yako, alikuwa akikiri hadharani kwamba njia hazijui kabisa, hupotea vibaya. Mimi na yeye tungekaa pamoja Fuoni na biriani letu.

Dawa ninayopendekeza ni hii. Mwandishi wa habari ile apewe baskeli, isiwe ya injini, miezi mitatu, simu ibaki kwako mezani. Ajifunze vichochoro vyote vya Mji Mkongwe, kutoka Darajani hadi Shangani, kila baraza, kila mlango wenye misumari ya shaba, kila kichochoro kinachoishia kwenye ukuta. Mimi nitakuja Desemba, Inshallah. Anikute Forodhani saa kumi na mbili asubuhi, kabla wauza urojo hawajaamka, amevaa suti na tai. Nitamwita “bwana”. Nitamtajia nyumba mbili. Akikosea, arudi baada ya siku 56, na muda wote huo gazeti lisimpe chochote cha kuandika isipokuwa nyakati za maji kujaa na kupwa. Akifaulu, nitamlipia mwenyewe MRI tuone kilichoongezeka, na mkitoa picha yake msiweke basi.

Ni mimi,
Dereva mstaafu wa beji ya kijani,
mzaliwa wa Ng’ambo, Unguja, sasa London