Programu za dawa zifuate saa ya mzee

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na vijana wetu wanaotengeneza programu za simu za kuwakumbusha wazee dawa. Anzeni na saa. Kwa mzee wa Arua au Bombo hapa Uganda, saa mbili asubuhi ndiyo ile ambayo simu huandika 08:00. Hata Kiganda huhesabu hivyo hivyo. Programu ikitafsiriwa neno kwa neno, sauti itamwambia "saa nane", naye atameza dawa mchana, amechelewa kwa saa sita nzima. Mgonjwa wa Parkinson (ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa mwili) anayetumia dawa ya levodopa akichelewa hivyo, mwili unakakamaa: kuinuka kitini hawezi, kifungo cha shati hakifungiki. Andikeni "saa 2 asubuhi" na mchore jua linalochomoza.

Halafu kidole. Mwongozo wa Android unataka kitufe kisipungue takriban milimita 9. Kwa mkono unaotetemeka hicho ni kidogo mno. Wekeni 15 au zaidi, vitufe viwili tu kwa ukurasa, vikiachana vizuri. Mkono ukitetemeka, mguso mmoja huhesabiwa miwili. Mzee anabonyeza "Nimemeza", ukurasa unabadilika, mguso wa pili unaangukia "Futa", na kumbukumbu ya dozi imepotea. Hapo mtu anaweza kumeza mara mbili! Suluhisho lake ni rahisi: programu ipuuze mguso wowote unaokuja ndani ya nusu sekunde baada ya ule wa kwanza, na kitufe kifanye kazi kidole kinapoinuka.

Aliyepata kiharusi upande wa kulia wa ubongo huenda asitambue kabisa kilicho kushoto kwake. Kile kitufe cha kurudi, kilichobanwa pembeni kushoto, kwake hakipo. Kitufe kienee upana wote wa kioo.

Picha ya kidonge husaidia, ila kiwanda kikibadilika, rangi nayo hubadilika, kwa hiyo anayemuuguza mzee aweze kupiga picha mpya. Na wenye katochi, zile simu ndogo za vitufe, msiwasahau: menyu za kubonyeza nyota na reli hukatika mtu akikawia. Hao wapigieni, kwa sauti iliyorekodiwa katika lugha yao.

Mkijaribu programu, msiishie wakati dawa imeshika. Rudieni nusu saa kabla ya dozi inayofuata, nguvu ya dawa ikiwa imeisha, mzee akishika simu mwenyewe na mjukuu akae mbali.

Mtengenezaji wa programu za afya,
Kampala