Msitupe matope ya zamani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi wanaotunza maghala ya makumbusho na maabara: msiyatupe matope yaliyochimbuliwa chini ya maziwa na vinamasi, hata kama inasemekana yameshachunguzwa yakaisha.

Ndani ya matope hayo huweza kujificha jivu la volkano. Tukisikia jivu la volkano, macho hukimbilia mlima wa karibu. Kumbe jivu hilo ni vipande vya kioo, vingine vyembamba kuliko unywele, na upepo wa juu huvipeleka mbali mno. Katika vinamasi vya Ireland kuna chembe za jivu la karne ya 9 ambazo kwa miaka mingi hazikujulikana zilikotoka. Mwaka 2014 watafiti walionyesha kuwa kemia yake ni ile ile ya jivu la Mlima Churchill, Alaska.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Ziwa Nyasa. Matope ya sakafu yake yalitolewa kwa mabomba marefu mwaka 2005. Jivu lenyewe halikuonekana kwa macho. Ilibidi matope yachekechwe, kisha yatiwe katika kimiminika kizito ili kioo kielee na madini mazito yazame, halafu kila chembe ipigwe mwale wa elektroni kupima silika, potasiamu na chuma chake. Majibu yalitoka mwaka 2013: kioo kile kilitoka volkano ya Toba, kisiwani Sumatra, Indonesia, umbali wa kilomita 7,000 hivi, katika mlipuko wa takriban miaka 75,000 iliyopita. Na si hilo tu. Matope yaliyolala juu ya chembe zile hayakuonyesha dalili ya baridi kali, ilhali tulikwisha kuzoea kusimuliwa kwamba Toba ilileta kipupwe kilichokaribia kuwamaliza wahenga wetu. Swali zito kama hilo limejibiwa na vumbi lisiloonekana!

Kufananisha kemia peke yake hakutoshi, nalo hili husahaulika mara nyingi. Toba ililipuka zaidi ya mara moja, na vioo vya milipuko yake vinakaribiana sana. Ndiyo maana huko India pamekuwa na ubishi mrefu, jivu fulani ni la mlipuko huu au la ule uliotangulia kwa mamia ya maelfu ya miaka. Ubishi wa namna hiyo hautatuliwi kwa kusoma upya majedwali ya zamani. Lazima mtu arudi kwenye matope yenyewe, akiwa na vipimo ambavyo waliotangulia hawakuwa navyo.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Kila bomba la matope linapopasuliwa, nusu moja ibaki bila kuguswa, ihifadhiwe kwenye baridi, iandikwe mahali ilipotoka na kina chake kwa wino usiofutika. Ghala likijaa, litafutwe ghala jingine kabla ya kutafuta jalala.

Msomaji wako,
Mpenzi wa elimu ya miamba