Miongozo ya muziki kwenye Linux imechakaa

Mhariri,

Miongozo ya Kiswahili ya Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta, inayopitishwa kutoka fundi hadi fundi hapa Dar es Salaam bado inaonya kwamba MP3 ina hataza, hivyo nyimbo zote zigeuzwe kuwa Ogg Vorbis, aina ya faili la sauti isiyo na hataza. Onyo hilo lilikuwa na msingi zamani. Taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani ilifunga mpango wake wa leseni za MP3 Aprili 2017, na hata Fedora, toleo la Linux lenye msimamo mkali kuhusu hataza, ikaruhusu kusoma na kutengeneza MP3.

Leo ushauri huo unaleta hasara. MP3 na Ogg zote hutupa sehemu ya sauti ili faili liwe dogo, kwa hiyo ukigeuza moja kuwa nyingine unapunguza mara ya pili kile kilichokwisha kupunguzwa. Tena sabufa nyingi za Kariakoo na redio za daladala hazisomi Ogg wala Opus, aina nyingine huria ya sauti. Hifadhi asili kwa FLAC, isiyotupa kitu, kisha utoe nakala ya MP3 ya kusikiliza kwa programu ya ffmpeg:

ffmpeg -i wimbo.flac -c:a libmp3lame -q:a 2 -id3v2_version 3 wimbo.mp3

Hapo unapata wastani wa kilobiti 190 hivi kwa sekunde, karibu megabaiti moja na nusu kwa dakika. WAV ya ubora wa CD hula zaidi ya 10. Kipande cha id3v2_version 3 kisiachwe. Bila hicho ffmpeg huandika lebo (jina la wimbo na msanii ndani ya faili) za toleo la 2.4, na redio nyingi za zamani huonyesha jina la wimbo tupu au herufi za ajabu.

Kuhusu flashi, miongozo hiyo iko kimya kabisa, na ndiko lawama nyingi zinakotoka. Kadi zinazozidi GB 32 kwa kawaida huja na exFAT, namna ya kupanga faili kwenye kadi. Linux ya sasa inaisoma bila shida, redio ya gari mara nyingi haiioni. Anza na amri ya lsblk ujue flashi ni ipi (ukikosea herufi moja umefuta diski ya kompyuta), hakikisha jedwali la mgawanyo (orodha ya sehemu za flashi) ni la aina ya zamani, MBR, kisha ifomati kuwa FAT32 (sdb1 hapa ni mfano):

sudo mkfs.vfat -F 32 /dev/sdb1

Nyimbo zikipigwa ovyo ovyo, ni kwa sababu redio hufuata mpangilio wa faili zilivyoandikwa, si majina. Programu ya fatsort hupanga upya, flashi ikiwa imetenganishwa na mfumo kwa amri ya umount. Na umount haina mbadala hata kwa mwenye haraka: Linux huonyesha kunakili kumekwisha wakati data bado iko kwenye RAM, ndiyo maana wimbo wa mwisho hukatika katikati.

Anayependa Opus anaweza kuweka Rockbox, programu mbadala ya kuendesha vicheza muziki, kwenye baadhi ya iPod za zamani.

Kurasa zenu za teknolojia zikichapisha amri za aina hii, ziambatane na tarehe na toleo la mfumo zilipojaribiwa.

Fundi kompyuta,
Kariakoo, Dar es Salaam